Funza wa sangara na damu ya Musoma: Biolojia ninavyoianza na kidato cha kwanza

Sura ya kwanza ya Biolojia kidato cha kwanza haibadiliki: maana ya biolojia, matawi yake, sifa za viumbe hai, kisha hatua za uchunguzi wa kisayansi. Sifa saba za viumbe hai watoto huzikariri kwa wimbo kabla wiki haijaisha. Hatua za uchunguzi nazo huziandika kwa mwandiko mzuri: kutambua tatizo, kuuliza swali, kuunda nadharia tete, kufanya jaribio, kukusanya data, kuichambua, kutoa hitimisho. Kwenye mtihani wanapata zote. Lakini waonyeshe samaki aliyeoza, uulize wale funza wametoka wapi, na darasa zima litakujibu bila kusita kwamba wametoka kwenye samaki. Hakuna anayekumbuka kwamba daftari lake lina njia ya kujua kama anachosema ni kweli.

Nimefundisha somo hili miaka mingi katika shule za mkoa wa Mara, karibu na ziwa. Ninachokiamini leo ni kwamba mtoto hajaanza sayansi mpaka aseme jambo linaloweza kuonekana si kweli, kisha akubali kulipeleka mwenyewe mahali ambapo linaweza kuanguka. Majina ya matawi ya biolojia, mchoro wa seli ya mmea, tofauti ya uainishaji wa huyu na yule, vyote navifundisha kwa bidii. Ila vilipatikana kwa kazi hiyo, na mtoto anayevipokea bila kuijua kazi yenyewe anabeba orodha tu.

Kwa hiyo naanza na funza.

Asubuhi natuma vijana wawili mwaloni wakaombe mabaki ya sangara, yale yanayobaki baada ya minofu kutolewa. Kila kundi linapata chupa mbili za glasi zilizokuwa na jamu, zimeoshwa kwa maji ya moto. Kila chupa inatiwa kipande kilekile cha nyama, kwa ukubwa uleule. Moja inaachwa wazi, nyingine inafungwa kwa kifuniko. Zinakaa nyuma ya maabara, kwenye kivuli, na nzi wa kwetu hawahitaji kualikwa. Baada ya siku chache chupa ya wazi inatambaa funza, na ya kifuniko haina hata mmoja. Watoto wanashangilia: funza wanaletwa na nzi, tumemaliza!

Hapo huwa nanyamaza na kusubiri. Mara nyingi kimya hicho kinakuwa kirefu. Mwaka mmoja binti aliyekaa dawati la nyuma, ambaye sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake, alisimama akasema: “Madam, ile chupa ya pili tumeinyima hewa. Labda na yenyewe ingetoa funza kama ingepata hewa.” Wenzake wakaguna, kwa sababu walikwisha kuona kazi imekwisha. Mimi nilitamani kumkumbatia. Chupa zile mbili zilitofautiana kwa mambo mawili kwa pamoja, nzi na hewa, na yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba hatuwezi kujua ni lipi kati ya hayo lililoleta tofauti.

Tabibu wa Kiitaliano Francesco Redi, aliyehudumia familia ya Medici kule Florence, aliikabili hoja hiyohiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1668 alieleza jinsi alivyoweka nyama na samaki kwenye vyombo vilivyo wazi na vingine vilivyozibwa kabisa, kisha akatumia vyombo vilivyofunikwa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Tangu zama za Aristotle wasomi wengi walikubali kwamba viumbe wadogo huweza kutokea wenyewe kwenye vitu vinavyooza. Sikumwambia binti habari hizo siku ile. Niliuliza darasa: tufanyeje hewa ipite na nzi asipite? Jibu lilitoka pande tatu kwa mara moja: chandarua.

Chupa ya tatu ikafunikwa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, kimekunjwa mara mbili, kikakazwa shingoni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nzi walikuja, wakatua juu ya chandarua, wakazunguka pale harufu inapotokea. Kesho yake nikawapa lenzi ya mkono. Juu ya kitambaa kulikuwa na vipunje vyeupe, vyembamba, virefu kidogo, vimelazwa kwa mafungu. Ndani ya chupa nyama ilikuwa imeoza na kunuka vibaya, lakini haina funza. Kwa joto letu mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo walioangalia tena baadaye waliwakuta funza wadogo wakihangaika juu ya chandarua, nyama ikiwa chini yao. Nimeona watoto wakinyang'anyana lenzi ile namna ambavyo sijawahi kuwaona wakinyang'anyana kitabu.

Kundi moja lilipata funza ndani ya chupa ya chandarua. Walipoona wenzao wote hawana, wakaanza kufuta kwenye daftari ili wanakili majibu ya kundi la jirani. Niliwazuia, tukaichunguza chupa yao darasa zima. Chandarua kilikuwa kimelegea katikati hadi kikagusa nyama. Yai lililowekwa juu yake lilikuwa tayari limefika chakulani. Wakarudia kwa kitambaa kilichokazwa vizuri, na safari hii nyama ikabaki haina funza. Nikawataka waandike matokeo yote mawili, na chini yake sababu wanayoidhani na jinsi walivyoijaribu. Kwangu ukurasa ule ndio uliokuwa bora kuliko yote ya mwaka ule.

Kila mwaka kuna mtoto anayeuliza kama tunampinga Mungu. Swali hilo silipuuzi wala silichekeshi darasa kwa hilo. Nawaambia chupa yetu inaweza kujibu jambo moja: je, kwenye nyama hii, funza wanatokea mahali ambapo nzi hawezi kufikisha mayai? Nani aliyeumba nzi, chupa haina namna ya kulijibu. Muislamu, Mkristo na asiye na dini wanaangalia kupitia lenzi moja na kuyaona mayai yaleyale. Sayansi inapata nguvu yake kwa kuchagua maswali ya namna hiyo, yanayoweza kujibiwa na kitu kilicho mbele ya macho ya wote.

Nawaambia pia kwamba Redi mwenyewe, pamoja na jaribio lake zuri, aliendelea kuamini kwamba wadudu wanaotoka kwenye vinundu vya mimea huzaliwa na mmea wenyewe. Jaribio moja halimalizi kila kitu. Ilibidi waje wengine, hadi mwanasayansi wa Kifaransa Louis Pasteur mwanzoni mwa miaka ya 1860 na chupa zake zenye shingo iliyopinda, ndipo hoja ya vijidudu kuzuka wenyewe kwenye mchuzi ikakosa pa kusimama. Watoto wanaposoma baadaye kwamba seli hutokana na seli nyingine, wanajua sentensi hiyo ina jasho ndani yake.

(Mabishano haya tunayafanya kwa Kiswahili, kisha tunaandika ripoti kwa Kiingereza, kama mtihani unavyotaka. Mtoto aliyetoka shule ya msingi mwaka jana hawezi kupinga hoja kwa lugha ambayo bado anaitafuta. Sitabadili msimamo wangu hapo.)

Ugonjwa wa kulijua jibu kabla ya kuangalia unakomaa kadiri wanavyopanda madarasa. Kidato cha nne kwenye vipimo vya chakula wanajua kwamba iodini ikikutana na wanga inageuka bluu nyeusi, kwa hiyo wengine wanaandika bluu nyeusi kabla tone halijaanguka. Dawa niliyoipata ni ndizi. Natwanga ndizi mbichi peke yake na ndizi iliyoiva sana peke yake, nayaweka kwenye vyombo visivyo na alama. Mbichi inakolea weusi mara moja, ile iliyoiva rangi inakuja kwa mbali au haiji kabisa. Wenye haraka wameshaandika “wanga upo” kwenye vyote viwili. Halafu tunakaa na swali ambalo kila aliyewahi kula ndizi ana sehemu ya jibu lake mdomoni: wanga ulikwenda wapi, na utamu ulitoka wapi?

Sasa nije kwenye damu, maana hapo ndipo somo hili linapogusa nyumba za watu.

Sitataja shule wala mwaka. Tulikuwa na mwanafunzi aliyekosa masomo mara kwa mara, akirudi amekonda, macho yana umanjano. Uvumi ukatembea: amerogwa, babu yake ana deni la kaburi, na mengine ambayo siwezi kuyarudia. Yeye na wazazi wake walikuwa wazi kwamba ni seli mundu, na waliniomba nilieleze darasa. Nikaeleza. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Badiliko dogo sana kwenye kinasaba linafanya asidi amino moja, yaani tofali moja la protini hiyo, iwekwe mahali pa nyingine, na hemoglobini hiyo oksijeni inapopungua inajishikanisha kuwa nyuzi ngumu. Chembe inajipinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu yanayomlaza mtu. Anayepata nakala ya kinasaba hicho kutoka kwa wazazi wote wawili anaugua. Anayepata kwa mzazi mmoja ni mbebaji, na kwa kawaida anaishi bila kujua.

Kijana mmoja akauliza swali ambalo ningependa kila mwalimu wa Biolojia aulizwe angalau mara moja: “Madam, kama zamani watoto wenye ugonjwa huu walikuwa wanakufa kabla ya kuzaa, mbona kinasaba chake hakijaisha?”

Jibu lake limepita hapahapa kwetu. Mwaka 1949 kijana aliyekuwa anasomea udaktari Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alikuja na msafara wa chuo hicho kwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali kwa ajili ya kuchunguza makundi ya damu, na akapima pia chembe zinazojipinda. Akaona mpangilio: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji walikuwa zaidi ya 20 kwa kila 100, lakini kwenye nyanda za juu na sehemu kavu hawakufika hata mmoja kwa 100. Akaitazama ramani hiyo akaona malaria. Akadhani kwamba mbebaji anakingwa kwa kiasi fulani na malaria, na kwamba faida hiyo ndiyo inayokirudisha kinasaba kila kizazi, ingawa wanaokipata maradufu wanakufa.

Ninapofika hapo nawauliza watoto: amethibitisha? Sasa wamekwisha kuzoea chupa. Wanasema hapana, Madam, pwani na ziwani kuna mambo mengi, watu wanakula samaki, kuna joto, kuna makabila tofauti. Na ndivyo ilivyo. Ramani ilimpa wazo, na wazo lilihitaji kupelekwa mahali linapoweza kuanguka. Allison alimaliza kwanza masomo yake, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1953. Aliwapima watoto wadogo 290 wa Kiganda, kwa kuwa mtu mzima wa eneo la malaria amekwisha kujenga kinga yake na anaweza kuuficha ukweli unaotafutwa. Kati ya wabebaji 43, wenye vimelea vya malaria kwenye damu walikuwa 12. Kati ya watoto 247 wasio wabebaji, walikuwa 113.

Namba hizo naziandika ubaoni na kuwaachia wenyewe. Wanazigeuza kuwa asilimia: karibu 28 kwa upande mmoja, karibu 46 kwa upande wa pili. Kisha yanakuja maswali, na hapo nakaa chini niwasikilize. Mbona hao 12 waliugua, basi hawakingwi? Inakingwa nini hasa, kuambukizwa au kuzidiwa? Wabebaji 43 ni wachache, ingekuwaje kama ni bahati tu? Hayo yote ni maswali ambayo wataalamu wenyewe waliyauliza, na wengi hawakumwamini kwa haraka. Yalijibiwa kidogokidogo kwa miaka. Allison aliona pia kwamba wabebaji wenye vimelea kwa kawaida walikuwa na vimelea vichache zaidi. Na mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walionyesha kwamba kwa mbebaji kinga ni karibu asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, lakini dhidi ya malaria kali inafika karibu asilimia 90.

Kitu kimoja nakisema kwa sauti na kukirudia: kinga hiyo ni ya mbebaji. Mgonjwa wa seli mundu mwenyewe hana bima hiyo, malaria kwake ni hatari kubwa, na chandarua chake kisikose hata usiku mmoja.

Sehemu inayowashika zaidi ni Musoma. Mwaka 1956 Allison alichapisha vipimo vya watu wa huku. Kati ya watoto wachanga 287, wenye ugonjwa wenyewe walikuwa 9 na wabebaji 89. Kati ya watu wazima 654, wenye ugonjwa walikuwa 5 tu na wabebaji 249. Wapige hesabu na wataona: wagonjwa wanapungua kutoka karibu 3 kwa 100 hadi chini ya mmoja, na wabebaji wanaongezeka kutoka 31 hadi 38 kwa 100. Uteuzi asilia, yaani mazingira kuwabakisha wenye sifa zinazowafaa na kuwapunguza wengine kizazi hadi kizazi, ambao kwenye vitabu vyetu unaelezwa kwa nondo (wadudu kama vipepeo) wa Uingereza, umeandikwa kwenye damu ya bibi na babu zao. Darasa linanyamaza mtu anapogundua nini kimejificha katikati ya safu hizo mbili: watoto ambao hawakufika utu uzima, wengine kwa seli mundu, wengine kwa malaria.

Katika kazi yake ya 1954 kuna jaribio lingine. Watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kwa wasio wabebaji, 14 walishikwa na vimelea. Kwa wabebaji, 2 tu. Kwa mpangilio ni jaribio lenye nguvu kuliko ramani. Lakini mwanafunzi mmoja kutoka Rorya, Mjaluo, hakujali nguvu yake. Aliuliza kama mjomba wake angekuwa miongoni mwao, nani angemwambia kwamba anaweza kufa, na kwa lugha gani. Tulitumia kipindi kizima hapo, na sijutii dakika hata moja. Leo utafiti wa aina hiyo nchini kwetu hauanzi bila kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo inayosimamia kibali hicho kitaifa. Nataka watoto wajue kwamba swali la yule mwanafunzi ni sehemu ya sayansi kamili kama ilivyo hesabu ya asilimia.

Mama wa yule mwanafunzi mgonjwa alikuja shuleni siku moja kuomba ruhusa ya kliniki. Tulipokuwa wawili akaniambia: “Mwalimu, hospitali walituambia mmoja kati ya wanne. Mimi nina watatu, na wawili wanaumwa. Kwa mume wangu wanasema kosa ni langu.” Nilichukua mikebe miwili, kila mmoja nikautia punje moja nyekundu na moja nyeupe ya maharage. Huu ni wewe, mama, huu ni baba, na nyekundu ndiyo kinasaba cha seli mundu. Chota moja hapa na moja pale bila kuangalia, tazama, kisha rudisha. Alichota nyekundu mbili. Akarudisha, akachota tena: nyekundu mbili. Akanitazama kama niliyempangia. Nikamwambia aendelee, na kadiri alivyochota ndivyo nyekundu mbili zilivyozidi kuwa chache. Mkebe haujui ulichochota mara iliyopita. Kila mimba inaanza upya na bahati ileile ya moja kwa nne, na nyekundu moja lazima itoke kwenye mkebe wa baba. Alichota muda mrefu, kengele ikalia sikuwahi kuingia darasani kwa wakati. Alipoaga aliomba ile mikebe na maharage yake, akawafanyie wakwe.

Siku hizi nawapa wanafunzi daftari dogo la maswali, moja kwa kila kundi, na kila muhula tunachagua swali moja ambalo jibu lake sisi hatuna. La muhula huu limetoka kwa watoto wa wavuvi: je, dagaa wanaoanikwa mchangani wanapata funza wengi kuliko wanaoanikwa kwenye vichanja? Tumebishana wiki nzima na bado hatujaanika hata dagaa mmoja. Wengine wanasema inatosha kununua sado moja huku na sado moja kule. Yule binti wa chupa isiyo na hewa, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na anakuja kusaidia, hakubali: anataka dagaa watoke mtumbwi mmoja, usiku mmoja, waanikwe saa ileile, na anayehesabu funza asiambiwe trei ipi ilitoka wapi. Tumekubaliana naye. Tunasubiri giza la mwezi, wavuvi watoke.